Udongo Ulaya Kwenye Ukuta wa Kilosa

Kati ya Kilosa na Mikumi kuna mahali panaitwa Ulaya. Usicheke, ni kata kamili, ina watu wake na mashamba yake. Mtu wa Zombo anaweza kukuaga asubuhi kwamba anakwenda Ulaya, na jioni ukamwona amerudi na kiroba cha mahindi begani. Sisi tuliokulia huku tumezoea, wageni ndio hushangaa.

Lakini leo, msomaji, nataka tuzungumze kuhusu Ulaya nyingine, ile inayofungwa kwenye mfuko wa kilo hamsini. Wazee wetu waliiita simenti "udongo ulaya". Yaani waliitazama vizuri, wakaishika, wakaona ni udongo tu, ila umetoka mbali. Jina lile lina akili nyingi kuliko tunavyodhani, na historia nzima ya kuta za wilaya yetu inaweza kusimuliwa kwa kulifuata.

Shuleni hawakutufundisha historia ya kuta. Mtihani wa kidato cha nne ulitaka Vita vya Majimaji, ukataka Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885, na kwa kweli ni haki yake. Ila hakuna aliyetuuliza watu walilala ndani ya nini walipokuwa wakipigana, na nani aliziba nyufa mvua ilipokwisha. Mimi ninayejifunza kuandika hadithi nimegundua kwamba hapo ndipo ninapokwama. Naweza kumweka mhusika wangu Kilosa mwaka 1909, nikajua nani anamtawala, nisijue ameegemea nini.

Basi tuanze na ukuta wenyewe. Bonde la mto Mkondoa lilikuwa njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda bara. Burton na Speke walilifuata mwaka 1857, Stanley akapita humo 1871. Kuelekea magharibi, kwenye milima ya Usagara na Ugogo ambako mvua hupungua, watu walijenga tembe, nyumba ya paa bapa lililofunikwa kwa udongo. Huku bondeni kwenye mvua nyingi paa la namna hiyo lingewaangukia. Zilikuwapo nyumba za msonge, na baadaye ikaenea ile ya mstatili yenye mtindo wa pwani: nguzo, fito zilizofungwa kwa kamba, na udongo katikati. Mbavu za mbwa, kama tunavyoitania.

Nyumba ile ilikuwa na kazi mbili za udongo, na ni vizuri mwandishi kijana azitofautishe. Kukandika ni kujaza udongo katikati ya fito mpaka ukuta usimame. Kusiriba ni kuja baadaye na udongo laini, ukaupaka juu kwa kiganja, ukasawazisha. Udongo wa kusiriba huchaguliwa. Ule wa kichuguu unapendwa kwa sababu mchwa wameshausaga na kuugandisha; ukizidi mfinyanzi unaongezewa mchanga, maana mfinyanzi mtupu ukikauka hupasuka kama kisigino. Wenye ng'ombe huongeza samadi, wengine majivu. Tabaka la kwanza likipasuka haidhuru, la pili hufunika.

Katika vijiji vingi vyetu kusiriba ilikuwa kazi ya wanawake na watoto, ikifanywa kila mwaka baada ya mavuno, kiangazi, wakati maji ya kukandia bado yapo karibu na jua lipo la kukausha. Bibi yangu mzaa mama, ambaye yupo Mikumi, husema kwamba wao hawakuiita kazi. Ulikuwa msimu, kama vile kuna msimu wa kupanda. Nyumba ilitarajiwa kuchakaa kidogo, na ilitarajiwa kurudishiwa kile ilichopoteza. Hakuna aliyeona aibu ukuta ukimomonyoka mwezi wa nne. Aibu ilikuwa kuuona hivyo hivyo mwezi wa nane.

Halafu kulikuwa na upenu. Paa la nyasi lilitoka nje ya ukuta kiasi cha mtu kukaa chini yake na kuchambua mboga mvua ikinyesha. Kwa hiyo mvua haikuugusa ukuta sana. Tukumbuke upenu huo, tutauhitaji mbele.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 chini ya Wajerumani. Ilifika Morogoro 1907, ikapita kwetu Kilosa, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Vitabu hutuambia reli ilibeba katani na pamba kwenda pwani. Sawa, lakini mabehewa hayakurudi matupu. Yalileta mabati, chokaa, na saruji ambayo siku hizo ilisafirishwa kwa mapipa. Yalileta pia mafundi na wenye maduka kutoka Bara Hindi, nao wakaja na maneno yao. "Lipu" tunayopiga ukutani inatokana na lugha za huko, ambako kitenzi lipna maana yake ni kupaka, na hasa kupaka udongo au kinyesi cha ng'ombe kwenye sakafu na ukuta. Umeona mambo hayo? Fundi wa leo anayejitapa kwamba yeye hapigi udongo, anapiga lipu, anatumia neno la watu waliokuwa wakisiriba kama bibi yangu.

Na "saruji" nayo ina kisa chake. Neno hili lilikuwapo kabla ya simenti ya viwandani. Oman na Uajemi saruji ilikuwa udongo uliochomwa, ukasagwa na kuchanganywa na chokaa ili kujengea mifereji na matangi ya maji. Simenti tunayoijua sisi, ya Portland, ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824 kwa jina la Joseph Aspdin wa Leeds. Ilipofika pwani yetu ilikuta jina limeshakaa linaisubiri.

Katikati ya udongo na simenti kuna chokaa, na hapa nataka nikae kidogo maana ndiyo tuliyoisahau. Kwa karne nyingi watu wa pwani walichoma mawe ya matumbawe juu ya lundo kubwa la magogo, wakayazimua kwa maji, wakaiacha chokaa ilale ndipo waitumie. Chokaa haishindani na ukuta. Inagandamana polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa iliyomo angani, inabaki na vitundu vidogo sana, kwa hiyo unyevu ulioingia hupata njia ya kutoka. Hata ufa mwembamba inaweza kuuziba yenyewe, kwani maji ya mvua huyeyusha chembe za chokaa na kuziacha humo humo kwenye ufa yakikauka. Magofu ya Kilwa Kisiwani yaliwekwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakaondolewa 2014. Walioyatengeneza walitumia chokaa, kwani ukuta uliojengwa kwa chokaa ukiuziba kwa simenti unauongezea ugonjwa.

Sasa simenti. Kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza kuzalisha mwaka 1966. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Arusha. Kati ya 1973 na 1976 ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa kwa mamilioni nchi nzima, wakatakiwa kusimamisha nyumba mpya haraka mahali ambapo hawakujua hata udongo wake ukoje. Siku hizo wimbo ulikuwa "nyumba bora". Ukimwuliza mtu nyumba bora ni ipi, hakuhesabu madirisha. Alisema bati na simenti.

Mwalimu Nyerere aliliona hilo na likamkera. Katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio, mwaka 1977, alilalamika kwamba kupenda bati na simenti kumekuwa kama kupooza kwa akili, na akalitaja hilo hilo jina la udongo ulaya: watu wanakataa tofali za kuchoma na vigae vya udongo wao, wanakaa kusubiri udongo wa Ulaya. Ni maneno makali, na mimi nakubaliana naye nusu. Nusu nyingine hapana. Tofali la kuchoma linakula kuni, na ukisimama Kilosa ukaangalia vilima utajua kuni hizo zinatoka wapi. Tena watu hawakuipenda simenti kwa ujinga mtupu. Nyufa za ukuta na sakafu ya udongo ndimo wanamokaa papasi, na papasi analeta homa inayokwenda na kurudi. Kunguni nao humo humo. Mama aliyeona sakafu ya simenti inapigwa deki na watoto wanalala bila kujikuna hakuhitaji hotuba ya mtu.

Tatizo ni kwamba simenti haikuja peke yake, ilikuja na wazo. Wazo lenyewe ni kwamba ukuta unaweza kumalizwa. Unapiga lipu mara moja, unamlipa fundi, basi, umeagana na ukuta mpaka wajukuu. Msimu wa kusiriba ukafa, na bati likawa limeshaondoa upenu. Nyasi zilikatwa porini bure, bati linanunuliwa, kwa hiyo kila mtu akalipima lifike ukutani tu na kuzidi kidogo. Maji ya bati hayadondoki kwa upole. Yanapiga chini kwa nguvu, yanaruka na matope, yanapiga mguu wa ukuta ule ule kila siku ya masika. Pita mitaa ya Kilosa baada ya mvua uangalie nyumba zetu kuanzia magotini kwenda chini. Utadhani zimevaa soksi.

Ngoja nieleze kinachotokea ndani, maana mafundi wengi huficha. Tofali bichi la udongo linavuta unyevu kutoka chini na kutoka hewani, linavimba kidogo. Kiangazi linakauka, linasinyaa. Simenti iliyoganda ni ngumu, haifuati mchezo huo. Kwa hiyo vitu viwili vilivyobandikwa pamoja vinakwenda njia mbili. Pale katikati panaachana, ukigonga panalia kama debe tupu. Kisha jua la Septemba linapasua ufa mwembamba kama uzi, mvua ya vuli inaingia, na ikishaingia haitoki, maana simenti imeifungia. Maji yanashuka ndani yakibeba chumvi, yanakusanyika chini, udongo unalainika nyuma ya lipu safi. Kwa nje nyumba inapendeza, rangi ya kampuni ya simu inang'aa. Siku lipu inapobanduka kipande kizima ndipo unaona kwamba ukuta wa nyuma yake umeshageuka uji. Ukuta wa kusiriba ukiugua unaonekana. Huu unaugua kimya.

Kisa hiki si chetu peke yetu. Huko New Mexico, Marekani, kwenye nyanda za juu zaidi ya mita 2,000, kuna kanisa la Ranchos de Taos lililojengwa kwa tofali bichi tangu zama za utawala wa Wahispania. Waumini walizoea kulisiriba upya kwa udongo kila mara. Mwaka 1967 wakachoka, wakalipiga lipu ngumu ya simenti. Kule baridi ni adui mwingine: maji yaliyoingia kwenye ufa yakiganda kuwa barafu yanatanuka karibu asilimia tisa, na ufa wa uzi unakuwa ufa wa kidole. Baada ya miaka kama kumi na moja hivi waligundua kuta zimelowa na kuoza ndani, wakaibandua simenti yote, wakarudi kwenye udongo. Mpaka leo wanaparokia hukusanyika kusiriba, wazee na vijana. Na mwaka ule waliopaka simenti ndio mwaka wetu wa Azimio. Mambo ya dunia!

Sisi hatuna barafu. Huko juu Ukaguru, ambako milima inapita mita 2,000, adui ni ukungu unaokaa ukutani siku nzima usiruhusu kitu kukauka. Hapa bondeni adui ni joto kali linalofuatwa na mvua kali, na juu ya yote hayo ni Mkondoa wenyewe.

Desemba 2009 kuingia Januari 2010 Mkondoa ulifurika ukaingia mjini. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nakumbuka harufu zaidi ya nilivyoona. Maelfu ya watu walihamia kwenye mahema, Reli ya Kati ikakatika, treni za abiria zikasimama kwa miezi. Maji yalipopungua watu walikwenda kuangalia kilichobaki. Nyumba za fito mara nyingi zilikuwa zimebaki mifupa: nguzo na fito zimesimama, udongo wote umekwenda. Za tofali za simenti zenye msingi zilisimama na alama ya tope. Zilizolala chini kabisa ni zile za tofali bichi, na nyingine kati ya hizo zilikuwa zimepigwa lipu nzuri. Jirani yetu mmoja alikuta lipu ya ukuta wa mbele imesimama peke yake kama ubao wa shule, nyuma yake hakuna kitu. Aliisukuma kwa mkono mmoja. Hiyo lipu alikuwa ameiweka kwa pesa ya kiinua mgongo.

Sisemi mafuriko yale yangezuiwa na chokaa. Ukuta wa udongo uliozama siku mbili utayeyuka, uwe umepakwa nini. Ninachosema ni kwamba mifupa ya fito ilikandikwa upya na watu wakahamia ndani kabla ya masika kuisha, wakati yule mwenye lipu alianza kufyatua tofali la kwanza.

Mafundi wachache niliowauliza, wale wakongwe, hawagombani na simenti. Wanagombana na pupa. Ukitaka kutengeneza, wanasema, kwanza gonga ukuta mzima kwa mpini wa mwiko usikilize. Panapolia debe weka alama. Kata kwa tindo mpaka ufikie sehemu iliyoshika, usiogope tundu kuwa kubwa. Fagia vumbi, nyunyizia maji kidogo. Kama nyuma ni udongo, rudishia udongo, au chokaa kipimo kimoja kwa mchanga vipimo vitatu, tabaka nyembamba nyembamba. Kama nyuma ni tofali za simenti, hapo piga lipu ya simenti bila wasiwasi, lakini usizidishe. Watu hudhani mfuko ukiingia mwingi ndio uimara. Mchanganyiko mkali ndio unaosinyaa na kupasuka upesi. Kimoja kwa sita chatosha kwa ukuta wa nje.

Mchanga nao. Ule wa mtoni ukiwa na tope haufai mpaka uoshwe. Tia kwenye chupa na maji, tikisa, uache utulie, uone tope linalokaa juu ni kiasi gani. Na lipu mpya ya simenti inywe maji wiki nzima, asubuhi na jioni. Hapa ndipo nyumba nyingi za Mikumi zilipoharibikia. Fundi anapiga lipu saa sita mchana, analipwa, anapanda bodaboda anaondoka, na mwenye nyumba hajaambiwa kwamba kuna kumwagilia.

Kisha kuna ile oili chafu ya gari inayopakwa mguuni mwa ukuta. Mikumi ipo kwenye barabara kuu ya Zambia, malori hayakauki, oili ni ya bure. Ni kweli mchwa hawaipendi. Ila inaziba mahali pale pale ambapo unyevu ulitakiwa kutokea, kwa hiyo unapanda juu zaidi. Fundi mmoja aliniambia: umemvika mtu buti la mpira mguu wenye kidonda. Dawa ya mguu ni msingi wa mawe au tofali za kuchoma mpaka magotini, mfereji wa kupeleka maji mbali, na bati lirefushwe. Upenu, ule tuliousahau.

Hivi sasa nyumbani kwetu Mikumi kuna kesi. Nyumba ya bibi ni ya tofali bichi, imesimama tangu kabla mama hajaolewa, na upande wa magharibi umeanza kuliwa. Mjomba anayefanya kazi Dar es Salaam ametuma pesa ya mifuko minane ya simenti. Siku hizi anapanda treni ya umeme iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, anashuka Kilosa, anapanda gari, anafika hajachoka hata kidogo, akiwa na haraka zake. Anataka ukuta umalizwe. Bibi anataka usiribwe. Anasema, "Mwanangu, hiyo mifuko jengea choo, huku niletee kichuguu."

Nimejaribu kuwa upande wake. Nilikwenda kutafuta kichuguu, nikakuta kile cha karibu kimeshasawazishwa kujenga kibanda cha M-Pesa, kwa hiyo nikanunua viroba sita kwa kijana mwenye bodaboda, maana siku hizi hata udongo una bei. Nikamtafuta fundi. Wa kwanza alicheka. Wa pili alisema yeye ana mwiko na pima maji, kazi ya kiganja ni ya akina mama. Akina mama wenyewe, mabinti wa mtaa, walisema hawajawahi, labda bibi awaonyeshe.

Bibi ana miaka themanini na kitu, magoti hayamruhusu kuchuchumaa. Jumamosi tumemwekea kigoda upande wa magharibi, ndoo mbili za maji, na viroba vyetu. Ameagiza pia majivu debe moja, na mtu yeyote mwenye kucha ndefu azikate.